McIndoe, munganga wa walioungua moto

Wandugu wachimbaji, wengi wetu tumeona mwenzetu anachomeka: esanse ya mashini ya kutoa maji imeshika moto, ao baruti imelipuka mbele ya wakati. Ndiyo maana leo tunaeleza maisha ya Archibald McIndoe.

Alizaliwa mwaka 1900 Dunedin, Nouvelle-Zélande, mtoto wa mchapishaji. Alisomea uganga kwao, akaendelea Marekani, na mwaka 1930 akafika London. Ndugu yake Harold Gillies, aliyetengeneza nyuso za askari wa vita ya kwanza, ndiye alimwingiza katika kazi ile.

Vita ya pili ilipoanza alipewa hopitali ndogo ya East Grinstead, kusini ya London. Mwaka 1940 wakaanza kumletea vijana wa ndege za vita, uso na mikono imeungua. Waganga wa wakati ule walikuwa wanapaka tanini, dawa ile ile ya kutengeneza ngozi ya ng'ombe. Kidonda kinafanya ganda gumu, vidole vinajikunja kama vya kuku, usaha unabaki chini. McIndoe akaangalia kitu kimoja: wale walioanguka baharini walikuwa wanapona vizuri kuliko walioanguka kwenye nchi kavu. Akaacha tanini, akawaogesha katika maji ya chumvi iliyopimwa. (Mtu asijimwagie chumvi ya jikoni! Umechomeka, mwaga maji safi ya baridi dakika 20, dawa ya meno hapana, kisha hopitali.) Nyuma ya pale alihamisha ngozi nzima kutoka sehemu nyingine ya mwili, kidogo kidogo, wengine walipasuliwa mara nyingi sana.

Sisi wa sendika tunampendea hasa jambo lingine. Sheria ya jeshi ilikuwa hivi: askari akipita siku 90 hopitalini, anaachishwa kazi. McIndoe aligombana na wakubwa mpaka sheria ile ikabadilishwa. Kwetu kwenye mashimo, mtu anavunjika mguu, juma la pili mwingine ameshika nyundo yake, na bibi yake anaanza kuuza vyombo vya nyumba. Siku 90 nani amempa?

Alikataza pia wagonjwa kuvalishwa nguo za hopitali, wabaki na nguo zao za jeshi. Aliomba watu wa mji wawakaribishe nyumbani bila kuwashangaa uso. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakajiita kobayi, simbilisi hizi tunazofuga jikoni, maana walijua wanajaribiwa dawa. Vita ilipokwisha walikuwa 649.

Baadaye alikuwa na shamba kwenye Kilimanjaro. Mwaka 1957, pamoja na waganga Michael Wood na Tom Rees, alianzisha kazi ya waganga wa ndege wa Afrika ya Mashariki, inayoitwa leo AMREF. Alikufa 1960, na majivu yake yakawekwa katika kanisa la jeshi la anga, London. Ndege za AMREF zingali zinaruka kutoka Nairobi kuchukua wagonjwa.