Matt Talbot na Jioni za Baada ya Kazi

Wengi tunaomfahamu Mtumishi wa Mungu Matt Talbot tumesikia kwanza habari za minyororo iliyokutwa mwilini mwake siku alipofariki. Habari hizo ni za kweli, ila sidhani kama ndipo pa kuanzia. Anayepambana na pombe leo hasaidiwi sana na minyororo. Angependa kujua yule kibarua wa Dublin alikuwa akienda wapi kila jioni alipotoka kazini.

Alizaliwa Mei 2, 1856, katika jiji la Dublin, Ireland, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa familia maskini. Baba yake alikuwa mnywaji, na ndugu zake wa kiume karibu wote walifuata njia hiyo. Matt aliacha shule akiwa na miaka 12, akaajiriwa na wafanyabiashara waliokuwa wakijaza bia kwenye chupa, na huko ndiko alikoanza kuonja. Baadaye alihamia bandarini kwenye maghala ya wiski, kisha akawa kibarua wa waashi. Alikuwa mchapakazi, lakini mshahara wake uliishia kilabuni. Fedha zikimwishia aliweka viatu rehani. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla wa mtaani chombo chake cha riziki, wakakiuza ili wapate ya kunywea.

Jumamosi moja mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuwa na hata senti kwa kuwa wiki hiyo hakwenda kazini. Alisimama karibu na kilabu, akingoja wenzake wapite na mishahara yao. Yeye alizoea kuwanunulia alipokuwa nazo, hivyo alitarajia walau mmoja amkaribishe. Wakapita. Alirudi nyumbani mapema, mama yake akashangaa, akashangaa zaidi aliposikia kwamba mwanawe anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama alimsihi asiiweke kama hana nia ya kuitunza.

Alikokwenda ni Seminari ya Msalaba Mtakatifu, Clonliffe. Ndugu mafrateri, tusipite hapa haraka. Mtu aliyelewa wiki baada ya wiki aligonga mlango wa seminari siku ya Jumamosi, na alimkuta padre wa kumpokea na kumwungamisha. Ahadi yake ilikuwa ya miezi 3 tu. Naiona busara kubwa katika muda huo mfupi, kwa maana aliyezoea kunywa kila siku aliwekewa mpaka anaoweza kuuona kwa macho. Ilipokwisha aliirudia, na hatimaye akaahidi kwa maisha yake yote.

Lakini ahadi ilimfunga mdomo tu. Haikumwambia akae wapi tangu kutoka kazini hadi saa ya kulala. Nyumbani kulikuwa na ndugu wanaokunywa, na mtaani kulikuwa na vilabu vyenye marafiki zake wote. Vikundi vya AA, ambamo leo walevi wanaoacha pombe hukutana na kutiana moyo, havikuwepo. Vilianza Marekani mwaka 1935, miaka 10 baada ya kifo chake, na Dublin vilifika mwaka 1946. Matt alilazimika kujitafutia mahali. Akitoka kazini alitembea hadi kanisa la mbali na mtaa wake, akabaki humo akisali hadi usiku. Alfajiri alihudhuria Misa kabla ya kazi. Siku moja kiu ilimzidi, akaingia kilabuni. Ikatokea kwamba hakuna aliyemhudumia, akageuka akatoka, na tangu hapo hakutembea tena na fedha mfukoni. Wengine huisimulia habari hii kama muujiza. Mimi huvutiwa zaidi na ule mfuko mtupu.

Polepole alipata na watu. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mt. Fransisko, na katika kanisa la Wajesuiti la Gardiner Street akawa mwanachama wa Sodaliti ya Bikira Maria. Sasa kulikuwa na siku za kukutana, na watu ambao wangegundua kama hakuonekana. Ndugu zake alijaribu kuwavuta, hawakukubali, akahama akapanga chumba chake. Alilipa madeni yake vilabuni. Yule mpiga fidla alimtafuta kwa miaka mingi bila kumpata, hatimaye akatoa fedha zile ziwe za Misa kwa ajili yake.

Juni 7, 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alianguka na kufa katika kichochoro cha Granby Lane akielekea Misa. Alikuwa amekaa miaka 41 bila kuonja pombe. Waliokuwapo hawakumtambua, na minyororo, ishara ya kujitoa kwake kwa Bikira Maria, ilionekana hospitalini. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa. Masalia yake yamehifadhiwa katika kanisa la Mama Yetu wa Lurdi, Sean McDermott Street, na wanaopambana na pombe hufika hapo kusali, pamoja na ndugu zao.