Kegel: Daktari wa kina mama aliyetusaidia na wanaume

Jina la Kegel nililisikia mara ya kwanza mwaka 2019, miezi michache baada ya kuondolewa tezi dume kwa roboti nchini India kutokana na saratani. Nilidhani ni jina la mazoezi tu, kumbe lilikuwa la mtu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini siku nilipotolewa mpira wa mkojo, sikuweza tena kuzuia haja ndogo. Nikikohoa, inatoka. Nikinyanyua gunia, inatoka. Ndugu msomaji, fikiria foleni ya kugonga muhuri mpakani ukiwa umevaa nepi!

Hayati Dk. Arnold Kegel alizaliwa mwaka 1894 huko Lansing, jimbo la Iowa, Marekani. Alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake na alifundisha Chuo Kikuu cha Southern California. Wagonjwa wake walikuwa kina mama waliotokwa na mkojo ovyo baada ya kujifungua, na wengi waliishia kupasuliwa. Yeye aliamini misuli ya chini ya nyonga imelegea tu, nayo inaweza kufanyishwa kazi ikapata nguvu. Mwaka 1948 alichapisha matokeo yake.

Aligundua pia kwamba kumwambia mgonjwa abane hakutoshi, maana wengi hubana tumbo au makalio. Akatengeneza kifaa cha mpira cha kuweka ukeni, kilichounganishwa na saa ya presha, ili mama aone mwenyewe mshale ukipanda.

Alifariki mwaka 1972. Upasuaji wa tezi dume kwa roboti ulianza mwaka 2000, hivyo hakuuona. Lakini tezi ikiondolewa, mlango wa juu wa kibofu huathirika, na kazi kubwa hubaki kwa misuli ileile aliyoishughulikia.

Mimi niliona haya kufanya mazoezi ya kina mama, nikapoteza wiki tatu. Kosa langu jingine lilikuwa kubana pumzi. Mtaalamu wa viungo alinirekebisha: bana kama anayezuia upepo, hesabu hadi tano, legeza kabisa, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na bana kabla ya kukohoa au kuinua mzigo. Wengine huanza hata kabla ya upasuaji, mimi sikuambiwa.

Si kila mtu hupona sawa, na muda nao husaidia. Kwangu ilikuwa mwezi wa tisa. Siku hizi navuka na mzigo wangu, pedi moja iko kwenye begi kwa safari ndefu.