Abdulrahman Ibrahim: Mwanachuoni Aliyeuzwa Utumwani



Wanafunzi wapenzi, ikitajwa historia ya Marekani wengi wetu hukumbuka marais wake. Wachache hujua kwamba miongoni mwa Waafrika waliolimishwa mashamba ya nchi ile walikuwamo Waislamu waliosoma. Mmoja wao ni Abdulrahman Ibrahim.

Alizaliwa mwaka 1762. Baba yake, Ibrahima Sori, alikuwa mtawala wa dola ya Kiislamu ya Futa Jallon, ambayo leo imo nchini Guinea, na makao yake yalikuwa mji wa Timbo. Tangu utotoni Abdulrahman alisomeshwa Qur'ani na Kiarabu, kisha akapelekwa Timbuktu kuongeza elimu.

Mwaka 1788, akiwa anaongoza jeshi, alitekwa vitani na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa watumwa. Alivushwa bahari hadi Natchez, Mississippi, akanunuliwa na mkulima Thomas Foster. Huko alilima tumbaku na pamba. Mwaka 1794 alimwoa Isabella, mtumwa mwenzake, wakajaaliwa watoto tisa. Kwa sheria za huko, watoto wale nao walikuwa mali ya Foster.

Siku moja mwaka 1807, akiuza viazi vitamu, alikutana na daktari John Cox. Miaka mingi nyuma, Cox alipotea Futa Jallon akiwa mgonjwa, na baba yake Abdulrahman akamkaribisha na kumuuguza mpaka akapona. Cox alimtambua papo hapo. Alitaka kumnunua ili amwache huru, lakini Foster alikataa. Cox alifariki mwaka 1816 bila kufanikiwa.

Mwaka 1826 Abdulrahman aliandika barua kwa Kiarabu. Ilipitia Washington ikafika Morocco, na Sultani wa nchi hiyo akaomba aachiwe. Rais John Quincy Adams alilishughulikia jambo hilo, na mwaka 1828 Foster alikubali kumwacha huru kwa sharti arudi Afrika. Wakazi wa Natchez walichanga fedha za kumkomboa Isabella. Watoto wakabaki utumwani.

Abdulrahman alizunguka miji ya kaskazini akiomba michango ya kuwakomboa. Wapo walioomba awaandikie kwa Kiarabu sala mashuhuri ya Wakristo. Karatasi moja iliyohifadhiwa hadi leo inaonyesha alichoandika: ni Suratul Faatiha. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu auzwe.

Mwezi wa Februari 1829 yeye na mkewe walipanda meli kwenda Liberia. Julai mwaka huohuo alifariki Monrovia, na Timbo hakuiona tena. Fedha alizochangisha zilisaidia kuwakomboa baadhi ya watoto na wajukuu, wakamfuata Isabella Liberia. Wengine walibaki utumwani Mississippi.

Wanafunzi wenzangu, Abdulrahman alinyang'anywa nchi, cheo na watoto, lakini herufi alizojifunza akiwa mdogo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, na ndizo zilizomfungulia mlango. Wema wa baba yake nao haukuoza, ulimfikia mwana ng'ambo ya bahari. Basi tusichoke kushika kalamu, wala tusimfukuze mgeni mlangoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.