Yohani Kinyala Lauwo: Mwongoza Njia wa Kilimanjaro na Deni la Mwambao wa Tanga

KIGOMBE, TANGA – Msafiri anayetoka Tanga mjini kwenda Pangani kwa barabara ya pwani hupita Kigombe, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Muheza, chenye bahari upande mmoja na mashamba ya mkonge upande wa pili. Kutoka hapa Mlima Kilimanjaro hauonekani hata siku ya anga safi. Hata hivyo, historia ya utalii wa kupanda mlima huo, unaowaleta nchini wageni kutoka kila bara, haikamiliki bila kuutaja mwambao huu. Ni kwa kupitia historia hiyo ndipo jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, mwongoza njia anayekumbukwa kuliko wote waliowahi kufanya kazi hiyo Kilimanjaro, linapokutana na jina la mtu wa Pangani ambaye wengi hawajawahi kulisikia.

Lauwo alizaliwa Marangu, katika ukoo wa Kichagga unaobeba jina hilo, wakati ambapo hapakuwa na daftari la kuandikisha vizazi. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1871. Alikulia kwenye kihamba, chini ya migomba, mahali ambapo mlima haukuwa mandhari ya kutazamwa bali ulikuwa chanzo cha maji ya mifereji, kuni, majani ya mifugo na asali. Vijana wa rika lake waliingia msituni kurina asali, kuwinda tembo kwa ajili ya pembe na kuwasaka mbega ambao ngozi zao ziliuzwa kwa wafanyabiashara Waswahili waliopanda kutoka pwani. Kwa njia hiyo kijana huyo alizijua njia za msituni muda mrefu kabla ya kukutana na mgeni yeyote aliyetaka kufika kileleni kwa ajili ya kufika tu.

Biashara hiyo ya pembe ndiyo iliyoufungua mlima kwa watu wa mbali. Misafara ilitoka Mombasa, Tanga na Pangani, ikiwa na wapagazi waliobeba mzigo wa frasila mbili hivi kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30. Viongozi wa misafara hiyo ndio waliokuwa waongoza watalii wa kwanza katika ukanda huu, ingawa hakuna aliyewaita hivyo. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo Mei 11, 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani. Baron Karl Klaus von der Decken alijaribu kupanda mwaka 1861 na 1862, naye Charles New aliugusa ukingo wa theluji mwaka 1871. Wote walitegemea macho na mabega ya wenyeji.

Mwaka 1887 alifika Hans Meyer, Mjerumani kutoka familia ya wachapishaji vitabu, aliyezaliwa mwaka 1858. Alipanda Kibo hadi alipozuiwa na ukuta wa barafu, akarudi. Mwaka uliofuata alikuja tena akiwa na Oscar Baumann wa Austria, mchora ramani aliyetaka kuipima Usambara. Safari hiyo haikufika mlimani. Pangani na miji mingine ya mwambao ilikuwa imeamka kuipinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na watu wa Abushiri bin Salim waliwakamata wageni hao wawili, wakawafunga minyororo na kuwaachia baada ya kulipwa fidia. Kwa watu wa Tanga na Pangani, tukio hilo ni sehemu ya historia ya kupinga kutawaliwa. Kwa Meyer lilikuwa kikwazo cha safari tu. Ni vyema msomaji akazishika picha hizo mbili kwa pamoja.

Meyer hakukata tamaa. Mwaka 1889 alirudi kwa mara ya tatu, safari hii akipitia Mombasa na Taveta kwa kuwa mwambao wa kusini ulikuwa vitani. Alifuatana na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria, na kufikia Marangu, kwa Mangi Marealle. Kundi lililopanda kutoka hapo lilikuwa na manyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi mmoja na mwongoza njia mmoja.

Siri ya mafanikio ya safari hiyo haikuwa kamba wala shoka la barafu. Ilikuwa chakula. Meyer alikuwa ametambua kwamba waliomtangulia, naye mwenyewe akiwamo, walishindwa kwa sababu kila walipochoka walilazimika kuteremka hadi chini kabisa kutafuta mahitaji. Safari hii aliweka kambi kwa ngazi, na wapagazi wakapanda na kushuka kupeleka chakula kutoka Marangu, hivyo kwamba wapandaji waliweza kujaribu, kushindwa na kujaribu tena. Oktoba 3, 1889 walikaribia ukingo wa kreta wakarudi wakiwa hoi baada ya kuchonga vipandio katika barafu kutwa nzima. Oktoba 6, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40, walisimama juu ya kilele ambacho Meyer alikipa jina la mfalme wa Ujerumani. Kwa jumla wawili hao walikaa siku 16 juu ya mwinuko wa mita 4,200.

Siku zote hizo hawakuwa peke yao. Wapagazi walipoteremka, mtu mmoja alibaki nao katika kambi za juu akipika, akiteka maji na kutafuta kuni mahali ambapo mti haumei. Aliitwa Mwini Amani, naye alikuwa mtu wa Pangani. Mtu aliyezoea joto la pwani na upepo wa kaskazi alilala wiki mbili na zaidi jirani na barafu, katika hewa nyepesi ambayo hata leo huwalaza wageni wenye nguo za kisasa na dawa mfukoni. Siku 70 baada ya kilele kufikiwa, Desemba 15, 1889, Abushiri alinyongwa Pangani, katika mji uleule aliotoka mpishi huyo.

Je, Lauwo alikuwa wapi katika siku hizo? Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyatoa akiwa mzee, alikuwa kijana wa miaka 18 hivi aliyekuwa akikwepa kazi ya kulazimishwa ya kujenga barabara. Alipokamatwa alifikishwa barazani kwa Mangi Marealle, na wakati huo wageni walikuwa wamefika kuomba ruhusa ya kupanda pamoja na watu wa kuwasaidia. Wazee wa baraza walimtazama kijana huyo mrefu, mwenye kuujua msitu, na adhabu yake ikageuka kuwa kazi ya kuongoza njia. Masimulizi mengine yanamfikisha hadi kileleni pamoja na wageni hao.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Kitabu cha Meyer kinawataja watu wawili tu kileleni, yeye na Purtscheller. Aidha, kazi za kulazimishwa za barabara zilienea zaidi baada ya utawala wa Kijerumani kukita mizizi katika miaka ya 1890. Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, na si ajabu kumbukumbu ya mzee wa miaka mingi ikaunganisha safari mbili kuwa moja. Kuna pia suala la umri: ikiwa kweli alizaliwa mwaka 1871 na kufariki mwaka 1996, basi aliishi muda mrefu kuliko Jeanne Calment wa Ufaransa, mwanamke aliyethibitishwa kwa nyaraka kuwa alifikisha miaka 122.

Hata hivyo, kulipima jambo hili kwa kitabu cha mgeni pekee nako si haki. Wapandaji wa Ulaya wa karne ile waliandika majina ya waliosimama kileleni na kuwaacha waliowafikisha hapo. Kutotajwa jina hakumaanishi kutokuwapo. Na hata kama hatua zake za mwaka 1889 ziliishia penye ukingo wa msitu, kazi aliyoifanya Lauwo baada ya hapo haina shaka, nayo ndiyo iliyompa heshima mlimani.

Kazi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 70. Katika kipindi hicho upandaji wa Kilimanjaro uligeuka kutoka safari ya wapelelezi na kuwa mapumziko ya watu wa kawaida wenye nafasi na fedha. Mchango wa Tanga katika mabadiliko hayo ni mkubwa kuliko inavyokumbukwa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikipita Muheza na Korogwe chini ya milima ya Usambara, ilifika Moshi mwaka 1911. Mgeni aliyeshuka melini Tanga hakuhitaji tena msafara wa wapagazi wa wiki kadhaa. Alipanda treni, na wapagazi wake wakawa wanamsubiri chini ya mlima. Vibanda vya kulala vikajengwa katika njia ya Marangu, na hoteli zikafunguliwa pale kijijini.

Katika miaka ya 1920 walipita hapo watu ambao majina yao yamebaki mlimani. Clement Gillman, mhandisi wa reli, ameachiwa ncha ya ukingo wa kreta ambayo kila mpandaji wa njia ya Marangu huifikia kabla ya Uhuru. Mchungaji Richard Reusch, aliyepanda mara nyingi, ndiye anayekumbukwa kwa kreta ya ndani na kwa chui aliyemkuta amekufa na kuganda karibu na ukingo. Mwaka 1927 Sheila MacDonald alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kileleni. Hakuna ncha wala bonde la juu lililopewa jina la mpagazi.

Mwongoza njia wa wakati huo alifanya kazi ambayo haijabadilika sana. Aliwatangulia wageni kwa mwendo wa taratibu uliowakera siku ya kwanza na kuwaokoa siku ya nne. Alisoma mawingu yaliyokusanyika Mawenzi, akajua mto upi utajaa jioni. Usiku wa kupanda Kibo aliwaamsha kabla ya saa sita, kwa kuwa changarawe ya mteremko ule hushikana inapoganda na huporomoka jua linapowaka. Zaidi ya yote, alipaswa kumtazama mgeni usoni na kuamua kama maumivu ya kichwa ni ya uchovu tu au ni dalili ya hewa nyepesi, ambayo dawa yake ni moja, kumteremsha mara moja, apende asipende. Uamuzi huo, wa mtu asiye na cheo mbele ya mgeni aliyelipa, ulihitaji ujasiri ambao hauonekani katika picha za kileleni. Lauwo na wenzake waliufanya kwa miongo mingi, wakivaa mablanketi na nguo zilizoachwa na wageni, na katika miaka ya mwanzo wakitembea bila viatu.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuwasha Mwenge juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina alilolitoa Meyer likafutika katika ramani za taifa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa rasmi kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upandaji ukawekewa taratibu: hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda bila mwongoza njia mwenye kibali, na mzigo wa mpagazi, ambaye siku hizi mlimani huitwa mgumu, hupimwa kwenye mizani langoni na haupaswi kuzidi kilo 20. Bwana Kheri na wapagazi wake wangeshangaa kuiona mizani hiyo, na huenda wangeuliza kwa nini ilichelewa.

Mwaka 1989, wakati wa maadhimisho ya miaka 100 tangu kilele kifikiwe kwa mara ya kwanza, waandaaji walitafuta mtu aliyekuwa hai ambaye angeweza kuizungumzia safari ile. Walimkuta Lauwo nyumbani kwake Marangu, mzee sana lakini mwenye kumbukumbu na maneno. Kwa mara ya kwanza jina lake likatajwa hadharani sambamba na jina la Meyer. Hifadhi za Taifa zilimzawadia nyumba ya kisasa, na katika miaka iliyofuata wageni waliokuwa wakielekea mlimani walipita kwanza kwake kumsalimu.

Mzee Lauwo alifariki Mei 10, 1996. Kwenye lango la Marangu, mahali ambapo wapandaji hujiandikisha kabla ya kuingia msituni, lipo jiwe la kumbukumbu lenye jina lake na ya wenzake waliobeba mizigo na kuongoza njia, hatua chache kutoka kwenye kumbukumbu ya Meyer.