Alfred Lacroix, mtu aliyesoma madoa meusi ndani ya mawe

Ukivunja jiwe la graniti, mara nyingine unakuta ndani yake doa jeusi, kubwa kama yai ama kama kichwa cha mtu. Wapasuaji wa mawe wanalitupa pembeni. Mfaransa Alfred Lacroix alionyesha kama lile doa ni shahidi: linasema jiwe limetoka wapi na limepita mu moto gani.

Alizaliwa tarehe 4 Februari 1863 mu Mâcon, Ufaransa. Alisoma kazi ya kutengeneza dawa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mawe. Mu Paris akakuwa mwanafunzi wa Ferdinand Fouqué, mtaalamu mkubwa wa volkano. Pale walikuwa wanasaga kipande cha jiwe mpaka kinakuwa chembamba sana, mwanga unapita, kisha wanakitazama kwa mikroskopu.

Kijana akampenda Catherine, binti ya mwalimu wake. Inasemekana mzee alikubali, lakini kwa sharti: kwanza amalize udaktari. Mahari ya kwanza ikakuwa kitabu! Mwaka wa 1889 alipata udaktari, akaoa. Mwaka wa 1893, akiwa na miaka 30, akakuwa profesa wa madini kwenye Muséum ya Paris.

Yale madoa meusi ndiye aliyeyapa jina ambalo wanajiolojia wanatumia mpaka leo: anklavu. Aliyagawa mu makundi mawili makubwa. Mengine ni wageni, vipande vya mwamba mwingine vilivyomezwa na magma wakati ilikuwa inapanda. Mengine ni ndugu wa lile jiwe lenyewe.

Namna gani kuwatambua? Kwa madini yao. Doa likiwa na silimanite, andalusite ama kordierite, ujue asili yake ni udongo wa mfinyanzi uliopikwa na joto la chini ya ardhi. Likiwa na mika nyeusi na honiblende, chembe ndogondogo, mara nyingi ni ndugu. Watafiti waliomfuata walieleza kama magma nyeusi, ya moto zaidi, iliingia ndani ya ile ya graniti na ikapoa haraka. Ndiyo maana chembe hazikukomaa.

Lacroix alizunguka milima ya Pyrénées miaka mingi juu ya hiyo kazi. Aliamini kama graniti ilikula mawe ya chokaa na kubadilika. Wenzake wengi walikataa, mabishano yakakuwa marefu.

Kisha ikafika tarehe 8 Mei 1902. Kwenye kisiwa cha Martinique, mlima Pelée ulikuwa umetoa majivu kwa majuma kadhaa, na watu wa vijiji walikimbilia mji wa Saint-Pierre. Ile asubuhi wingu la gesi na majivu ya moto likashuka mlimani. Mu dakika chache tu watu karibu 28.000 wakakufa. Lacroix akatumwa kule, akakaa miezi, akachora, akapiga picha, akapima. Yeye ndiye aliyeeleza vizuri hayo mawingu ya moto, mu kitabu kikubwa cha mwaka wa 1904. Lava ya Pelée ni nzito, inaziba mdomo wa mlima, na gesi inabaki imefungwa ndani.

Kwa wakaaji wa Goma na Nyiragongo hii tofauti si kitu kidogo. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inatiririka kama maji, vile ilionekana Januari 2002 na Mei 2021. Kila volkano ina tabia yake, na ile tabia inaandikwa mu mawe yake. Graniti nayo inaongea: wachimbaji wa Maniema na Kivu wanajua kama kasiterite inafuatana nayo.

Mwaka wa 1911 Lacroix alitembelea Madagaska, kisha akatoa vitabu vitatu juu ya madini ya kile kisiwa. Tangu 1914 alikuwa katibu wa kudumu wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, mpaka kifo chake mu Paris, mwezi wa Machi 1948, akiwa na miaka 85.

Kuna madini yanayobeba jina lake, lacroixite. Lakini urithi wake mkubwa ni mwepesi kuelewa: kabla ya kutupa jiwe, litazame kwanza ndani.