John Gay, mshairi aliyemtikisa mkuu wa serikali kwa nyimbo za wezi

Januari mwaka 1728, wakazi wa London walifurika katika ukumbi wa Lincoln's Inn Fields kutazama mchezo wa kuigiza wa ajabu. Wahusika wake wakuu hawakuwa wafalme wala miungu, bali majambazi, makahaba na mnunuzi wa mali ya wizi. Mtunzi alikuwa John Gay, mwenye umri wa miaka 42.

Gay alizaliwa Barnstaple, kusini magharibi mwa Uingereza, mwaka 1685. Alifiwa na wazazi mapema, akapelekwa London kujifunza biashara kwa muuza hariri. Kazi hiyo hakuipenda. Aligeukia ushairi, akawa rafiki wa Alexander Pope na Jonathan Swift, mafundi wa kejeli. Mwaka 1720 alitia fedha za mashairi yake katika hisa za Kampuni ya South Sea. Hisa zikaporomoka, naye akapata hasara kubwa.

Kwa miaka mingi alitegemea kwamba wakubwa wangempa cheo kwenye kasri la mfalme. Kilipokuja, mwaka 1727, kilikuwa cha kumhudumia binti mfalme Louisa, mtoto wa miaka miwili tu! Alikikataa. Tunadhani cheo kikubwa zaidi kingemfunga mdomo.

Mchezo wake uliitwa The Beggar's Opera, yaani Opera ya Ombaomba. Gay alichukua mahadhi ambayo watu waliyajua tayari, mengi yakiwa ya mitaani na vilabuni, akayatilia maneno mapya. Msikilizaji aliyewahi kusikia wimbo wa harusi ukigeuzwa kuwa wa kampeni ataelewa nguvu yake: watu walitoka ukumbini wakiwa wameshaushika.

Katika mchezo huo yumo Peachum. Yeye hununua mali ya wizi, huandika hesabu za kila mwizi wake, na mwizi asiyeleta faida tena humchongea kwa serikali ili apate zawadi. Watazamaji walimwona humo Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza, ingawa jina lake halikutajwa. Mchezo ulioneshwa mara 62 msimu huo.

Gay akaandika mwendelezo, Polly. Kabla ya mwaka kwisha, serikali iliupiga marufuku jukwaani. Lakini kuuchapa haikukatazwa. Mwaka 1729 kitabu kiliuzwa kwa michango, na mke wa Mtawala wa Queensberry aliichangisha hata mbele ya mfalme, hadi akafukuzwa kasrini. Mchezo uliozuiwa ukamwingizia Gay fedha nyingi kuliko ule ulioruhusiwa.

Alifariki Desemba 1732, akazikwa Westminster Abbey. Miaka mitano baadaye Walpole alipitisha sheria ya kukagua michezo yote kabla ya kuoneshwa, na ukaguzi huo ulidumu hadi 1968.

Hata hivyo Peachum hakufa. Mwaka 1928 Bertolt Brecht na Kurt Weill walimpeleka jukwaani Berlin. Mwaka 1977 Wole Soyinka wa Nigeria alitumia kazi hizo mbili kutunga Opera Wonyosi, safari hii akimlenga Bokassa wa Afrika ya Kati pamoja na Wanigeria wenzake waliolewa fedha za mafuta.