Maisha ya Bwana Jack Kilby

Huku kwetu Busia na Tororo, karibu kila mtu amekwisha kushika simu au kalkuleta, lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeanzisha chipu iliyomo ndani yake.

Jack Kilby alizaliwa tarehe 8 Novemba 1923 huko Jefferson City, Marekani, akakulia Great Bend, jimbo la Kansas. Alipomaliza shule alitamani sana chuo cha MIT. Akafanya mtihani, akashindwa kwa alama 3 tu. Hakukata tamaa. Aliingia Chuo Kikuu cha Illinois, akaenda vitani, akarudi akahitimu mwaka 1947.

Mwaka 1958 aliajiriwa na Texas Instruments mjini Dallas. Julai wenzake walikwenda likizo; yeye, kwa kuwa mgeni kazini, hakuwa na haki ya likizo, akabaki. Siku zile transista na vipande vingine viliungwa kimoja kimoja kwa waya, na viungo vilipozidi, makosa nayo yalizidi. Tarehe 24 Julai aliandika katika daftari lake la kazi kwamba vyote vyaweza kutengenezwa katika kipande kimoja. Tarehe 12 Septemba aliweka kijipande cha jemaniamu mbele ya wakubwa wake, akawasha umeme. Wimbi likaonekana katika kioo cha chombo cha kupimia. Jaribio likafaulu!

Leo chipu hupimwa na mitambo, lakini daftari halikuachwa. Programu huandika kila hatua: jaribio lipi limekwisha, chipu ipi ni nzima, ipi ni mbovu. Kazi ikikatika, mtambo haubahatishi, bali husoma kumbukumbu na kuendelea. Avukaye mpaka Busia ataelewa: mhuri wa dirisha la kwanza ndio umwambiao afisa wa dirisha la pili kwamba msafiri aweza kuendelea.

Robert Noyce, aliyebuni chipu yake ya silikoni mwaka 1959, alifariki mwaka 1990. Kilby alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000, akafariki tarehe 20 Juni 2005.

Basi, ndugu zangu mnaongojea matokeo ya mtihani, alama 3 hazikumzuia Kilby. Tena tuandike kazi zetu kila siku, tukikumbuka kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; na elimu ni vivyo hivyo.